Viazi Juu ya Shelfu

Chebet, mtoto wa dada yangu,

Mwanangu Kip ametoka sasa hivi kusukuma kijiko ukutani akisema “krrrr!” Ananiigiza nikitoboa. Sisi tuko salama hapa Nakuru, na nyanya yako wa Kuresoi anakusalimu sana.

Umeniuliza kama niliogopa kuweka shelfu peke yangu, kwa vile nawe unataka kuweka yako. Niliogopa, mpenzi. Ukuta wetu ni wa mawe magumu, na drili ya kuazima sikuwa nimewahi kushika. Niliisukuma na nguvu zote mpaka ikanuka kuungua, na ukuta haukutoboka. Jirani yangu Mama Wanja akachungulia mlangoni akicheka: “Mama Kip, unapigana na nani? Hapo umeiweka kwa alama ya kutoboa mbao. Geuza hiki kitufe ipige kama nyundo, halafu usiikazie.” Nikalegeza mkono, vumbi likaanza kumwagika.

Lakini Kip hulala chini ya hiyo shelfu. Kwa hivyo usiku huo nikamlaza kitandani kwangu kwanza, na ili kuijaribu shelfu nikapanga juu yake viazi vyote nyanya alivyotuma. Asubuhi havikuwa vimeanguka. Hata hivyo, mpaka leo huivuta kidogo kabla ya kumlaza. Yako pia, usilale chini yake kabla ya kuijaribu kwa—

Ngoja, Mama Wanja ananiita, eti Kip ameanza kutoboa ukuta wake na kijiko. Wacha nikimbie!