Balcon ya marehemu

Sandrine! Musoki, gérante mwenye kusimamia hoteli yetu, angali na hasira.

Patron ya agence moja inauzishaka tableaux, picha za kuchora, ku mahoteli na mabiro alikuja leo. Akatuelezea histoire ya agence: walianzaka na tableaux za rafiki yake, peintre, mchoraji wa kijiji ya Boga, alikufaka 2012. Musoki akalia. Akasimamisha watu wote mu salle, dakika moja ya kimya. Kimya, Sandrine!

Halafu wakafunua tableau tulinunua, ati ni ya marehemu mwenyewe. Hoteli yetu yenyewe, na balcon yake, ile baraza ya juu.

Balcon! Si tuliijenga mwaka jana?

Musoki akauliza: «Marehemu aliiona wapi?»

Patron akacheka: «Mama, artiste anaonaka mbali.»

Musoki akagusa ile balcon. Kidole ikarudi na rangi mbichi.

Sasa weye niambie, siye tulinyamazia nani?