Mbuzi wa Akiru na Tangazo la Waziri

Isiolo, Jumapili, Oktoba 1983

Joto la leo ni la kutafuta ugomvi. Upepo umebeba vumbi tangu alfajiri. Nimefunga madirisha, na sasa chumba kinanuka mafuta ya taa.

Kanisani Akiru alinipita mlangoni kana kwamba mimi ni nguzo. Hakusema ejok, salamu ya kwao, hakusema habari. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Ikabidi nijifanye narekebisha kitambaa cha kichwa.

Nina hasira. Nina hasira naye, na Bwana Marete, na mkuu wa chuo, na watu niliosoma kwao Nairobi ambao hawakuniambia kwamba ukiijua kazi hii sawasawa utachukiwa.

Acha niandike yalivyokuwa.

Mimi ni mkutubi wa sheria. Mwaka jana nilipopangiwa kwenye chuo hiki kidogo cha makarani wa mahakama na manaibu chifu, nilishangilia, maana Isiolo na kwetu Meru ni kupanda mlima tu. Nikakabidhiwa stoo ya magodoro nikaambiwa ndiyo maktaba. Nilitoa magodoro, nikaua nge, nikapanga vitabu. Alhamisi mchana, watu wakiwa wameshiba ugali, nilipewa saa moja ya kufundisha utafiti wa sheria: namna ya kuitafuta sheria, kujua kama imebadilishwa, kujua kama inakuhusu hapo ulipo.

Wanafunzi wangu ni wanaume watu wazima. Wengi wana mabinti wa rika langu. Mmoja huchokonoa meno kwa mswaki wa mti tangu nianze kusema hadi nimalize. Bwana Marete, wakili, mkufunzi wa sheria, ndiye aliyenitambulisha kwao siku ya kwanza: "Huyu ni Kendi. Atawaonyesha vitabu viko wapi." Tangu hapo, nikifungua mdomo kusema neno la sheria, wanamtazama yeye dirishani, hata kama hayupo.

Isipokuwa Ekai. Ekai ni karani wa mahakama, mtu wa Ngaremara, Mturkana wa makamo, mpole. Huyo huja maktaba hata siku ambazo hakuna aliyemtuma.

Mwezi uliopita Bwana Marete aliwapa swali: mtu wa Ngaremara amekufa bila wosia, ameacha mke, watoto, mifugo, na ploti yenye duka hapa mjini. Nani atarithi? Alidhani ametunga. Kumbe kwa Ekai hakikuwa kitu cha kutunga. Shemeji yake alikufa mwaka jana na kuacha hayo hayo, na mjane ni Akiru, dada yake.

Ekai alikesha na Sheria ya Urithi. Akapata kwamba mjane anashika mali maisha yake yote, kisha inakwenda kwa watoto, wa kiume na wa kike sawasawa. Bwana Marete akampa alama zote na kumsomea darasa zima jibu lake. Ekai akaenda Ngaremara akamwambia dada yake: mifugo yote ni yako, serikali imesema.

Wakati huo ndugu za marehemu walikuwa wameshampa Akiru neno lao. Abaki bomani, apewe mbuzi wa maziwa na ngamia mmoja wa kukamua, waliobaki wawachunge wao. Akiru alisimama mbele ya watu akawaita wezi, akakataa kila kitu. Wakapelekana kwa chifu. Baraza likapangwa Jumamosi, yaani jana.

Alhamisi asubuhi nilikuwa natayarisha somo langu. Nilitaka mfano wa kuwaonyesha kwamba Bunge likishatunga sheria, waziri naye hutoa matangazo yake katika Gazeti la Serikali, na tangazo moja linaweza kugeuza sheria nzima. Nikafungua Sheria ya Urithi. Mle ndani kuna kifungu kifupi ambacho sote tulikiruka. Kinasema kwamba mgao huo hautahusu shamba, mimea wala mifugo katika sehemu atakazozitaja waziri.

Nikatoa majuzuu ya Gazeti. Nikatafuta tangazo.

Wilaya zimepangwa moja chini ya nyingine. Isiolo imo.

Kwa mifugo ya hapa, basi, sheria ile haisemi kitu. Inarudisha neno kwa desturi. Mbuzi na ngamia wa Akiru hawakuwa wake kwa kitabu kile. Ploti ya mjini sawa, maana ploti si shamba wala si mnyama. Lakini mifugo ndiyo aliyoipigania.

Wakati wa chai nilimfuata Bwana Marete. Nilimwambia taratibu, tena pembeni.

"Kendi," akasema, "mimi na wewe ni watu wa nyumbani, kwa hivyo nitakwambia bila kelele. Wewe fundisha rafu. Sheria niachie."

"Lakini Ekai ameshamwambia dada yake. Baraza ni keshokutwa."

"Dada yake si mwanafunzi wangu. Nitarekebisha nikifika mada hiyo."

"Lini?"

Alitafuna mandazi yake hadi yakaisha, akapangusa vidole, akaondoka.

Ningeweza kumwita Ekai kando. Nimelifikiria hilo siku tatu sasa. Lakini darasani walikuwa makarani na manaibu chifu wanaorudi Merti, Garba Tulla, kila mahali, na kila mmoja alikuwa amenakili jibu lile kwenye daftari lake kama neno la Mungu. Kila mmoja angewadanganya wajane wa kwao.

Kwa hiyo nilifundisha. Niliandika ubaoni jina la sheria, kifungu, tangazo. Nikasoma wilaya moja moja. Nilipotamka Isiolo, mswaki ulisimama mdomoni.

Naibu chifu mmoja akasema, "Kwa hivyo Bwana Marete amekosea?"

"Jibu halikuwa kamili," nikasema.

"Amekosea ama hajakosea?"

"Amekosea."

Wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. Walimcheka yeye, na papo hapo wakanichukia mimi kwa kuwafanya wamcheke. Ekai peke yake hakucheka. Aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka bila ruhusa.

Ijumaa asubuhi alirudi na Akiru.

Sikuwa nimewahi kumwona. Mwanamke mrefu, shanga shingoni na juu ya shanga msalaba wa mbao. Nilimvutia kiti. Hakukaa.

"Ni wewe umechukua mbuzi yangu?"

"Mama, si mimi."

"Ekai alisema kitabu inasema ni yangu. Sasa anasema kitabu inasema si yangu. Kitabu ni ngapi?"

Nikamwonyesha vyote viwili. Nikamsomea polepole kwa Kiswahili, Ekai akimgeuzia kwa Kiturkana. Nilipofika kwenye Isiolo aliweka kidole juu ya neno, ingawa hajui kusoma, akakiacha hapo.

"Wewe unatoka wapi?"

"Meru."

"Mama yako ako na mbuzi?"

"Ng'ombe wawili."

"Baba yako akikufa, hiyo ng'ombe itakuwa ya nani?"

Nilimtazama Ekai anisaidie. Alitazama rafu.

"Meru haimo kwenye tangazo," nikasema. "Mama atakaa nao."

"Mbuzi ya Meru na mbuzi yangu, tofauti ni gani?"

Baadaye nilipekua kila kitu nilicho nacho, hata taarifa za Bunge zilizoliwa na mchwa, nikitafuta sababu. Sikuiona. Watasema ni kwa kuheshimu desturi za watu wa huku. Sawa. Ila Akiru aliulizwa lini?

Nikamwambia kwamba ploti ni yake, sheria ile ile inamlinda kwa ploti.

"Duka iko na maziwa?"

Akaniuliza afanye nini. Hapo nikatoa maneno niliyofundishwa Nairobi: mkutubi huonyesha sheria, hatoi ushauri. Mimi si wakili, mama. Niliyasikia yakitoka mdomoni mwangu nikajichukia.

Akiru akacheka kidogo.

"Jana ulikuwa na mdomo."

Akatoka nje kumngojea nduguye kwenye jua. Sikuweza kumfuata. Nilimkalisha Ekai, nikamwambia aipate mwenyewe: ploti ya mjini inahesabiwa shamba au hapana? Alitafuta kwa hasira, akigeuza kurasa kama anayezipiga makofi. Alipata. Akanakili kwa mkono wake, nami sikumsaidia hata neno moja, kwa sababu kesho yake angesimama mbele ya chifu na mimi singekuwepo.

Alasiri mkuu wa chuo aliniita. Bwana Marete alikuwa ameketi pale, miguu imepishana.

"Umemwaibisha mkufunzi mbele ya wanafunzi," mkuu akasema.

"Nilisoma tangazo la serikali, bwana."

"Ungeniletea mimi."

"Ungelifanyia nini?"

Hilo sikupaswa kuliuliza. Nalijua. Hata Bwana Marete aliteremsha mguu. Mkuu akafungua droo, akaifunga bila kutoa kitu, kisha akasema saa yangu ya Alhamisi sasa ni ya Bwana Marete, na mimi nitunze vitabu.

Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante. Njia nzima hadi nyumbani kwangu Wabera niliirudia ile asante nikitaka kuitapika.

Jana jioni Ekai alikuja nyumbani kwangu. Alisimama langoni. Nikamkaribisha chai, akakataa.

"Wameamua," akasema.

"Ilikuwaje?"

"Walicheka kwanza. Mzee wao akasema, hata serikali inajua mbuzi si ya mwanamke. Mtu alikuwa amewafikishia habari ya tangazo kabla hatujafika."

Sikumuuliza ni nani. Darasa zima lilijua.

Walimfanya Akiru aombe msamaha kwa lile neno la wezi. Alipiga magoti. Kisha wakampa mbuzi, lakini si wote aliokuwa ameahidiwa mwanzo. Ngamia wamebaki nao. Ilipofika ploti, ndugu mmoja alisema nayo iende pamoja na mifugo, maana ilinunuliwa kwa pesa ya mifugo. Ekai akasimama akasoma alichonakili. Wakabishana hadi jua likageuka. Mwishoni chifu akasema ploti ni ya mjane, na mtu asiiguse.

"Basi amepata ploti," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikiomba kitu.

"Amepata ploti. Amepoteza ngamia. Na amepiga magoti." Ekai alikung'uta vumbi kofiani. "Amesema hataki kukuona."

"Na wewe?"

Alishika lango kama anayetaka kwenda, kisha akauliza, "Madam, hiyo tangazo inaweza kufutwa?"

"Linaweza. Waziri aliyeliandika anaweza kulifuta."

"Mtu atajuaje imefutwa?"

"Gazeti la Serikali likifika unalifungua. Unatafuta. Tangazo la kulifuta lisipokuwamo, unangoja Gazeti la wiki inayofuata, unatafuta tena."

"Inaweza kuchukua muda gani?"

"Sijui. Pengine halitafutwa kamwe."

Aliitikia kwa kichwa. "Nitakuja," akasema. Akaenda zake kuwahi lori kabla ya kizuizi cha polisi kufungwa. Hakuniambia asante, na sikuitaka.

Usiku nilijiuliza kama ningenyamaza ingekuwaje. Akiru angeshikilia mifugo yote, kesi ingepanda kortini, mwaka mmoja au miwili, kisha hakimu mmoja angefungua Gazeti na kumwachia mikono mitupu. Au hakimu asingefungua, kama sisi tulivyoruka kile kifungu, na Akiru angeshinda kwa bahati ya watu wasiosoma. Hilo ndilo linaloniuma. Huenda ujinga wetu ungemfaa kuliko utafiti wangu.

Mama yangu angesema nimwombee. Leo nilijaribu. Nilipofika kwenye jina la Bwana Marete nikaacha.

Siamini kwamba Akiru anakosea kunichukia. Mtu akikuletea habari kwamba mbuzi wako wako nje ya sheria, na ng'ombe wa kwao wako ndani, umpe mkono wa nini? Ila na mimi sitamfuata tena kanisani na mkono ulionyooka. Achukie. Nami nichukie hili tangazo kwa niaba yangu mwenyewe, si kwa ajili ya kusamehewa.

Darasa wamechukua. Rafu hawakuchukua, wala mlango, wala meza ndefu iliyo karibu na dirisha. Mtu akija kuuliza nitamfundisha papo hapo akiwa amesimama, na kama Bwana Marete atapita nje na kusikia, asikie.

Kesho ni Jumatatu, na posta huleta magazeti ya serikali Jumatatu, barabara ikiruhusu. Sina haja ya kupendwa na mtu yeyote katika chuo kile. Nataka lori la posta lifike.