Jiwe la Baba Halikuzaliwa Jeusi

Ambanoro, Nosy Be

Mama yangu mpenzi, nakushika miguu nikiwa mbali. Natumai kifua kimekuachia na usingizi unaupata. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayougua. Kaka Saidi, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, wala usiruke neno kwa kumhurumia.

Barua yako ya msiba, Kaka, nilikabidhiwa juzi na nahodha wa chombo cha mchele kilichotoka huko Mahajanga. Nilikaa chini palepale mchangani, watu wakanipita. Baba amezikwa kwa mikono ya wengine, na mimi nipo huku nagonga majabali.

Mama, unajua nilivyoondoka. Nilichukua kinoo cha Baba bila ruhusa nikanolea shoka, kikaniponyoka, kikapasuka vipande vitatu. Kinyozi bila kinoo chake ni nani? Akajaribu jiwe la sokoni, na siku ya kumnyoa mtoto wa jirani nywele za uzazi, wembe ukakwaruza utosi, damu ikatoka mbele ya wageni. Baba akazifunga nyembe zake kitambaani, asizifungue tena. Akaniambia, "Nenda Nosy Be, katafute jabali ambako babu yangu alichonga kinoo hiki. Usinirudie mikono mitupu." Hakunipa mkono wa kwaheri.

Misimu miwili nimezunguka. Nimeonyeshwa machimbo matatu ya zamani, yamemezwa na msitu, moja lina popo tu. Kila kipande nilikilowesha, nikakipitishia ukucha, nikakigonga nisikie mlio wake. Jumanne sikugusa jiwe, maana huku ni mwiko kuchimba siku hiyo, na mgeni mkaidi hutozwa ng'ombe na watu wa mfalme wa Boina. Nilitafuta jiwe jeusi, kama la Baba. Machimbo ya hapa juu ya Ambanoro yana mawe ya rangi ya majivu, nikawa nayapita bila hata kuinama.

Huo ndio ujinga wangu. Wiki iliyopita bibi wa Kisakalava mwenye nyumba ninayokaa alikuwa ananoa kisu kwa jiwe jeusi. Nikamrukia kumuuliza kalitoa wapi. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto, akanijibu kwa lugha yao:

"Hapo juu. Nilipoolewa lilikuwa la kijivu. Mafuta ya nazi na chuma ndivyo vilivyolitia weusi. Kwenu hampaki mafuta?"

Tunapaka, Mama. Mimi mwenyewe tangu utoto ndiye niliyekuwa nikikipaka kinoo cha Baba kila Alhamisi jioni.

Kesho yake nikapanda, nikatoa kipande kizuri, urefu wa kiganja na vidole. Nikanolea wembe wangu, ukanyoa mkono bila kuwasha. Nililia kwa furaha, nikaanza kuulizia chombo cha kurudi. Siku ya tatu barua ikafika. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja akiwa mtu mzima. Jiwe lipo chini ya kitanda, sina moyo wa kulitazama.

Kaka, umeniandikia yote: saa aliyokata roho, sanda, waliomswalia, hata walioshuka kaburini kumpokea. Hukuandika kama alinitaja. Nimeisoma barua mpaka mikunjo inachanika, sikuliona jina langu.

Msalimieni shangazi wa Ampisikina, mwambieni dawa yake ya homa ilinifaa. Msalimieni dada na shemeji yetu. Na jirani, mama wa yule mtoto, mwombeni anisamehe. Kosa halikuwa la Baba.

Mama, wewe ulikaa naye mpaka mwisho. Nataka kujua kama aliniachia radhi, nawe usinipoze kwa maneno matamu. Nahodha huyu atarudi huku mwezi ujao. Kama Baba alinisamehe, mpe jibu, nami nitapanda chombo hichohicho. Kama hakunisamehe, usimpe kitu. Nitakuwa ufukweni, nitaona mikono yake.

Mwanao kitinda mimba,
Bakari