Mawe ya Nyumba Yako

Zomkalga,
karibu na Ouahigouya.
19 Agosti

Mpendwa kaka Rasmane,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, huko Abidjan hamjambo? Mgongo wako umepona? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima wa mwili, na Mama anakula vizuri.

Kaka, nimekaa na habari hii moyoni tangu mvua kubwa ya mwezi uliopita. Naona haya kukuandikia, ila afadhali uisikie kwangu kuliko kwa wasafiri wa basi.

Yahusu nyumba yako. Fundi aliishiwa mawe ya kuta, mlimani ni mbali, na mimi nilitaka uikute imeezekwa Idi ya kuchinja. Nikawaonyesha wenye mikokoteni ile mistari ya mawe iliyo juu ya mashamba, tuliyoipanga kijiji kizima ili maji yasikimbie na udongo. Nikasema wachukue kidogo tu. Na ni mimi, kaka, niliyeshika mpira wa maji wa kupimia usawa wa ardhi tulipokuwa tunaipima mistari hiyo. Nilijua vizuri kwamba mstari ukitobolewa mahali pamoja, maji yote hupita hapo.

Yakapita hapo. Yalishuka hadi shamba la Shangazi Poko, yakazoa uwele uliokuwa umefika magotini, pamoja na samadi aliyoijaza shimo kwa shimo kiangazi chote. Limebaki korongo. Nilipokwenda kumpa pole aliniuliza tu, "Nyumba ya Rasmane mmeshaezeka?"

Niliita watu tuzibe pengo. Unajua, anayeita watu ndiye anayewalisha, kwa hiyo mke wangu alisonga ugali wa kutosha. Watu walikuja, wakafanya kazi, wakanawa mikono, kisha wakafungua vyakula walivyotoka navyo makwao. Sufuria zetu zilirudi zimejaa. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana!

Ni jirani yetu Toe, yule Msamo ambaye kututania sisi Wamosi ni haki yake, aliyefungua mdomo. "We mtumwa wangu Nobila, nyumba gani hiyo inakula uwele hata mlango haijapata? Ikipata mlango si itatumeza!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilitazama chini.

Pengo halikuzibika. Mawe ya karibu yamekwisha, na mikokoteni haipiti njia ya mlimani mpaka mvua ziishe. Mvua moja tena kama ile, na mashamba yote ya bondeni yatakwenda. Mawe yaliyopo ni ya kuta zako. Hakuna aliyeniomba niyatoe, wananitazama tu.

Sikungoja ruhusa yako, kaka. Jana nilianza kubomoa ukuta wa mashariki. Nikasirikie mimi, usiwakasirikie wao.

Mama anakusalimu sana. Toe anasema mtumwa wake mkubwa amletee kofia. Shangazi Poko alinikuta jana nikibomoa, akajaza mawe kwenye beseni lake, akabeba nami hadi jua likazama. Leo asubuhi ndipo ametoa salamu zake: ukija Idi usihangaike na pa kulala, ameshaanza kukusiribia chumba kwake.

Mungu akufikishe salama kwetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na aibu,
Nobila