Folda ya Wageni

Ndugu yangu Chengo,

Tangu tukuzike kule Utange kiti chako sijampa mtu. Fatma, mfanyakazi mpya, anakalia kile cha dirishani. Hajaniuliza sababu, nami namshukuru.

Nakuandikia kwa kuwa nina jambo la kukiri, na hapa duniani hakuna wa kulielewa kama wewe.

Unakumbuka tulivyoitengeneza ile programu ya kliniki ya figo, inayowatumia wagonjwa ujumbe wa saa yao ya kusafishwa damu? Mimi mbio, wewe taratibu, katika chumba chetu cha Kisauni juu ya duka la vitambaa. Kila nilipochukua kipande cha msimbo kilichoandikwa na watu wa nje, ulikataa tukitegemee kikiwa huko huko kwa wenyewe. Ulikinakili, ukakiweka ndani ya kazi yetu, kwenye folda uliyoiita "wageni", ukaandika kimetoka wapi na ni toleo lipi. Nilikucheka. Ukaniambia, huku ukichovya hamri kwenye chai, "Zuhura, mwenye chake akikibadilisha, hatakuja kupiga hodi Kisauni."

Ulipofariki nikafanya usafi. Niliiona folda ile ni mzigo, nikaifuta, nikaiacha programu ichote vipande moja kwa moja kwa wenyewe. Wallahi sikusoma ulichoandika. Nadhani niliogopa kuyaona maneno yako.

Wiki chache baadaye muuguzi wa kliniki akanipigia. Bi Kadzo, mgonjwa mpya kutoka huko kwenu Utange, alitakiwa saa moja asubuhi, naye amefika saa saba mchana, miguu imevimba, pumzi inamkatika. Nilikwenda mbio. Nilimkuta na mkaza mwanawe, simu mkononi, na ujumbe wetu umeandikwa "saa 7". Hakunikasirikia. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nimefuata saa mlonitumia."

Wagonjwa wa zamani walikuwa wamekuja kwa mazoea, bila kuusoma ujumbe. Yeye aliuamini.

Muuguzi alimtafutia mashine iliyokuwa wazi, akabaki naye. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje, nikafungua kompyuta, nikarudi nyuma katika kumbukumbu za mabadiliko ya kazi yetu mpaka siku uliyokiweka kipande kile cha saa. Kilikuwapo, Chengo. Nilichofuta hakikuwa kimepotea. Na chini yake maelezo yako: "Hiki huhesabu saa za Kizungu. Nimekirekebisha kihesabu saa zetu. Kisiondolewe kabla ya kuangalia saa za wagonjwa. Zuhura, najua siku moja utafanya usafi."

Nilicheka. Kisha nikalia mbele za watu.

Niliirudisha folda yote, nikajaribu saa za kila mgonjwa, na kabla ya alasiri ujumbe sahihi ulikuwa umewafikia. Bi Kadzo alipotoka, amechoka lakini anapumua vizuri, alinikuta macho mekundu, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza kwamba aliyeifanya kazi hii ikawa sawa amekufa, nami nimemharibia. Akauliza ni mtoto wa nani. Nilipokutaja akasema alikuwapo matangani kwenu. "Basi kamwambie mamake," akasema.

Nilikwenda Jumapili, walipotoka kanisani. Nilimwamkia mama, nikamweleza yote, kichwa chini. Hakunilaumu. Aliniomba nimsomee yale maelezo. Nikasoma. Akaniomba tena. Akasema ndivyo ulivyokuwa ukimwachia ujumbe mlangoni ulipotoka, kila kitu na sababu yake. Kisha akauliza kama yako mengine.

Yako mengi, ndugu yangu. Miaka yako yote ya kazi imo humo, kila badiliko na maneno yako. Sasa kila Jumapili namsomea machache. Habari za matoleo hazielewi, ila hasira zako anazijua, na ulipoandika kuhusu kosa langu moja kwamba "huyu dada ana haraka ya kwenda wapi," alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso.

Fatma nimemwonyesha folda ya wageni. Amekubali kwamba hakiingii kitu cha nje bila jina, toleo na sababu.

Pumzika, Chengo. Nakuahidi hivi: sitafuta tena chochote chako kabla sijakisoma.

Dada yako,
Zuhura