Tuliondoka Pazia Lilipofungwa

Kaka yangu wa kwanza kuzaliwa,

Nakuandikia nikiwa hapa Kalenga, jikoni kwa mama, karatasi nimeiweka juu ya kinu kilichogeuzwa. Najua huisomi. Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike pale juu ya shamba la mahindi. Lakini kuna neno ulilopaswa kulisikia ukiwa hai, nami sikulijua mpaka wiki iliyopita, na nikikaa nalo kifuani litaniua. Wengine wakiisoma barua hii, waisome tu.

Unaikumbuka ile barua yako ya kutualika Mbeya? Nilikuwa darasa la sita, nikamsomea mama mara tatu. "Mje kwenye ule ukumbi mkubwa, ule unaotajwa redioni," uliandika, na ndani ya bahasha kulikuwa na tiketi mbili. Halafu, kaka, ukaanza kutupa masharti kama mwalimu wa zamu! Tufike saa nane mchana, kabla watu hawajajaa. Kwanza tuzunguke tuzione zile picha za wachezaji ukutani. Tukae safu ya tatu, upande wa kushoto, maana hapo ndipo mikono ya wapiga ngoma inapoonekana vizuri. Tuvae masweta. Tusitafune mahindi ndani. Tena onyesho likiisha tusikungoje mlangoni, twende zetu Ilomba kwa shangazi, wewe utatufuata huko. Ulitaka tufaidi kila kitu. Jamani, mpaka choo kiko wapi ulituandikia!

Nilijua kwa nini ulijisumbua hivyo. Wewe na mama mlikuwa hamsemezani tangu ulipoacha ualimu ukaingia kwenye kikundi cha ngoma. "Mwanangu amekuwa mhuni," alisema mbele ya wageni, nawe ukabeba ligombo la marehemu baba, lile zeze lake la ubao, ukaondoka bila kuaga. Mwaka mzima hukukanyaga nyumbani. Kwa hiyo mama alipotoa kitenge kipya sandukuni akasema, "Haya, twende tukamwone huyo," mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Tulipanda basi Ipogolo Jumamosi asubuhi, tukalala kwa shangazi, na Jumapili saa nane kasoro tulikuwa mlangoni. Masharti yako yote tuliyafuata. Picha tulizitazama moja moja, mama akiuliza huyu mtoto wa nani na huyu mbona amekonda. Kisha akaingia ukumbini na kuanza kumsalimia kila aliyeketi kwenye safu yetu. "Kamwene, kamwene," na habari za nyumbani, na za watoto, na za mvua, mpaka watu wa nyuma wakaanza kupiga miluzi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Taa zikazimwa, pazia likafunguka. Ulikuwa nyuma kabisa, wa tano kati ya wapiga ngoma, umevaa manyoya kichwani, na mama hakukutambua mpaka ulipocheka. "Ni yeye!" alisema kwa sauti. "Meno ya baba yake yale!" Alinishika mkono akauminya mpaka ukaniuma. Kaka, mama yule yule wa "mhuni" alikuwa anapiga miguu chini kufuata ngoma yako, na mabega yanacheza. Laiti ungemwona.

Pazia likafungwa. Taa zikawaka, watu wakainuka wakaanza kutoka. Na sisi tukainuka, tukatoka.

Uliandika yote isipokuwa hilo moja. Hukutuambia kwamba kuna mapumziko, kwamba pazia likifungwa mara ya kwanza mtu anakwenda kunyoosha miguu, kisha anarudi kitini kwake. Wewe ulikuwa umeshazoea, hata hukukumbuka kwamba ni jambo la kumweleza mtu. Kwetu ngoma haisimami. Mpigaji akichoka anapokewa na mwenzake, na ikinyamaza ndiyo imekwisha, watu wanaagana wanakwenda kufunga ng'ombe. Tungejuaje? Nje watu walikuwa wamesimama na chupa zao za soda, mama akawatazama akatikisa kichwa. "Watu wa Mbeya wanapenda kuzubaa," akasema. "Hawana kazi nyumbani?" Tukashika njia ya Ilomba, yeye mbele, anaimba.

Shangazi alichinja kuku. Mama alikutengea paja kwa mkono wake, akalifunika kwa sahani. Tukangoja. Kila mlango ulipogongwa alikuwa wa kwanza kuinuka. Hukuja, na asubuhi alifunga mzigo wake. Ndani ya basi ndipo aliposema, "Ametuonea aibu. Ameiona hii miguu yetu ya shamba, akaogopa wenzake watamcheka." Nikasema nitakuandikia. Akanikataza. "Mtu halazimishwi kumpenda mama yake."

Nisamehe, kaka. Nilikuchukia. Hukuandika, nasi hatukuandika, na uliporudi nyumbani hukuja kwa miguu yako, uliletwa. Homa ilikukamata huko Usangu mlikokwenda na ngoma zenu, siku nne tu ukawa umekwisha. Waliokuleta walikuwa wageni kwenye kikundi, hawakuwa na la kutueleza.

Basi, wiki iliyopita akapita mwenzako, yule Mnyakyusa mrefu aliyekuwa akipiga ngoma kubwa. Alikuwa anakwenda Iringa mjini, akasema hawezi kupita bila kuliona kaburi lako. Mama alikuwa shambani. Nilimpa uji, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akanywa, kisha akaniuliza taratibu: "Dada, mama alikuwa na hasira gani hata akatoka katikati ya onyesho?"

Nikamwambia hakutoka katikati, onyesho lilikwisha. Alinikazia macho, kikombe mkononi. Ndipo akanieleza.

Kumbe baada ya mapumziko ulitoka peke yako, na ligombo la baba. Ulikuwa umeutengeneza ule wimbo wake wa kupalilia, ule waliokuwa wakipokezana yeye na mama, mwezi mzima unaufanyia mazoezi. Kabla hujaanza uliwaambia watu: "Mama yangu yuko hapa, safu ya tatu. Mwenye wimbo huu ni yeye. Naomba asimame mumwone." Ukumbi mzima ukageuka. Viti viwili vitupu. Mwenzako anasema uliimba hivyo hivyo, sauti inakatika, na ulipomaliza ulikaa nyuma ya jukwaa hutaki kuvua hata manyoya. "Amenikataa mbele za watu," ulimwambia. Na huko Usangu, katika homa, ulilisema tena.

Mama hakukukataa, kaka! Nawe hukutuonea aibu. Ni pazia tu. Kitambaa!

Nimekaa na neno hili siku sita. Nikimwambia mama, atajua ulikufa ukiamini hakupendi. Nikinyamaza, naye atakufa akiamini ulimwonea haya. Mtu achague nini hapo? Leo mchana nimeshindwa. Alikuwa hapa jikoni anachambua mboga, maharage yakiwa motoni, nikamwambia yote bila kuficha.

Alipiga yowe moja, "Mwanangu wee!", akajipiga mapajani, akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi sikukisikia. Nilijuta kufungua mdomo. Alilia mpaka sauti ikaisha. Kisha akajifuta na upindo wa kitenge, akaniambia, "Rudia. Aliwaambia nini?"

Nikarudia. Mama yangu yuko hapa. Mwenye wimbo huu ni yeye. Naomba asimame mumwone.

Akaweka ungo chini. Miguu yake siku hizi ni mibovu, kuinuka ni kazi. Nilitaka kumsaidia akanisukuma. Alishika ukuta, akainuka, akajifunga kitenge chake sawasawa, akasimama wima katikati ya jiko, uso mbele, kama mtu anayetazamwa na watu wengi. Machozi yalikuwa yanadondoka na hakuyafuta. Maharage yakaungua, harufu ikajaa nyumba nzima, na mimi sikuthubutu kumwambia akae.

Kwaheri, kaka. Amesimama.

Mdogo wako