Nilimwambia Mke Wangu Mkono Wake Unaua Vifaranga

Mpendwa mshauri Fadhila, nakuomba unisaidie, na unisome hadi mwisho hata kama mistari yangu inapandana, kwa maana naandika kwa kufuata ukingo wa rula na sioni ninachokiandika. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi, nilifundisha Same mjini hadi nilipostaafu nikarudi kwetu huku juu, karibu na msitu wa Shengena, na sasa moyo wangu umechoka, miguu inavimba, na daktari aliponiambia nikae karibu na watu wangu sikumuuliza zaidi, nilimwelewa. Kufa sikuogopi sana. Ninachoogopa ni kumwachia mke wangu uongo wangu.

Mke wangu Ernesta, ninayemwita Mama Agape, anafuga kuku wa kienyeji, na vifaranga ndivyo vitakavyomtunza nikishaondoka, maana shamba la mteremkoni limetushinda sote wawili. Tuna sanduku la kutotoleshea mayai lenye taa ya umeme, kioo mbele, na sahani ya maji chini ya kuleta unyevu, na kazi yangu tangu mwanzo imekuwa kupima mayai. Mchana tunaziba dirisha kwa blanketi, yeye ananipa yai, mimi naliweka juu ya tochi kwa upande ule butu, kisha natamka hukumu: hai au viza. Yai hai huonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi kutoka kwenye doa jeusi, lililokufa huonyesha pete ya damu au weusi unaochezacheza tu, na pale kwenye upande butu kuna chumba cha hewa kinachopaswa kupanuka kadiri yai linavyopoteza maji. Nilimfundisha jambo hili kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu. Mke wangu sikumfundisha.

Sasa nikwambie. Macho yangu yamekwisha. Ingekuwa mtoto wa jicho ningetolewa nikaona tena, lakini ni presha ya macho, na hiyo ikishachukua hairudishi. Tangu masika nashika yai juu ya tochi, naona wekundu tu kama wa mtu aliyefumba macho juani, na bado natamka. “Mwalimu, hili?” Hai. “Na hili?” Hai, rudisha. Siku moja alicheka akasema, “Leo yote hai? Hata kanisani hatuketi sote tukiwa hai.” Nami nikacheka, nikaendelea kudanganya. Kwa nini sikusema? Kulima siwezi, kuchanja kuni siwezi, hata mlango wa banda nafunguliwa, na kupima mayai ndiyo kazi pekee iliyobaki ambayo mke wangu huniita nikaifanye, sasa nikimpa tochi ataniita kwa lipi, uji?

Kisha likaja baridi, ukungu ukatulalia wiki nzima bila kuinuka, na mimi nikang’ang’ania kanuni yangu ya Same, kule kukavu ambako sahani ilikauka kabla ya jioni, kwamba maji yaongezwe kila asubuhi. Akaniuliza, “Mwalimu, kioo kinatoka jasho, bado niongeze?” Nikamjibu, “Ongeza. Nani mwalimu hapa?” Siku ya kutotolewa ikafika, ikapita, hakuna hata ganda lililopasuka. Tukayavunja. Alikuwa akinieleza huku sauti yake ikikatika: “Huyu ana manyoya tayari. Huyu amejaa maji mdomoni.” Walizama, Fadhila, walizama ndani ya mayai kwa maji niliyoyaamuru mimi, kwa sababu chumba cha hewa hakikupanuka na mimi ndiye niliyepaswa kukiona. Jirani yetu Careen alikuwepo. Nami, badala ya kusema hayo, nikasema, “Umekuwa ukifungua sanduku ovyo. Mkono wako unaua vifaranga.”

Tangu hapo mke wangu haligusi sanduku. Kuna mayai mengine ndani, yana kama wiki moja, na humwita Careen aje kuyageuza, akisema mkono wake yeye ni mbaya. Juzi nilimsikia akimwambia, “Mwalimu akitangulia, hawa kuku uwachukue wewe, mimi nitawamaliza tu.” Je, nimwambie ukweli, anikumbuke kama mwongo baada ya ndoa yote hii, au ninyamaze nife nikiwa bado mwalimu wake? Majina uyabadili, tafadhali.

Mwalimu Mstaafu,
Milima ya Upare

FADHILA ANAJIBU

Shikamoo, Mwalimu. Pokea hiyo kwanza, maana nikianza kukugombeza sitapata nafasi ya kuitoa. Majina nimeyabadili kama ulivyoomba.

Pole kwa moyo, na pole zaidi kwa macho. Kupofuka si kosa na hakuna anayekudai maelezo. Hata hiyo hofu ya kuitiwa uji tu naielewa. Marehemu baba yangu, alipoishiwa nguvu, alikuwa akiifungua redio nzima na kuifunga tena ili tumwone bado fundi. Tulimwacha. Redio haikuwa na mtu wa kuumia.

Lakini hilo la mkono, Mwalimu! Umemvika mwenzako kosa lako, tena mbele ya jirani. Unaogopa akukumbuke kama mwongo. Je, yeye ajikumbuke kama muuaji? Wewe utapumzika, yeye ndiye atakayeamka kila asubuhi akiutazama mkono ule. Na unataka kufa ukiwa mwalimu wake wakati umekiri mwenyewe kwamba humo nyumbani hujafundisha somo hata moja.

Mayai hayakungoji wewe upate ujasiri, kwa hiyo sikiliza. Nimemuuliza afisa mifugo ninayemwamini, naye amesema kanuni ya tambarare haipandi mlima. Wakati wa ukungu hewa ya kwenu yenyewe imeshabeba maji. Kioo kikitoka jasho, punguzeni maji au mtoe sahani kabisa, na matundu ya hewa yawe wazi. Kama hamna kipima unyevu, kitafuteni, kisomwe na mwenye macho: unyevu uwe karibu asilimia hamsini kwa muda mwingi, kisha upandishwe hadi sitini na tano au zaidi kidogo zile siku tatu za mwisho, ili ngozi ya ndani ya ganda isimkaukie kifaranga akashindwa kutoka. Hapo ndipo sahani inaporudi. Ila shahidi mkuu ni chumba cha hewa. Mama Agape achore mstari wa penseli juu ya ganda pale chumba kinapoishia, na baada ya siku chache achore mwingine. Mstari ukishuka taratibu, mambo ni mazuri. Usiposogea, maji yamezidi. Ukishuka kwa pupa, yamepungua. Na yale uliyoyaita hai kwa kubahatisha yapimwe upya leo hii, maana yai bovu likipasuka kwenye joto lile litayaharibu na mazima.

Atakayepima ni yeye. Atakwambia anachokiona, wewe utamwambia maana yake. Hiyo si kazi? Darasani pia hukuwa ukitazama wewe, ulikuwa ukiwaonyesha wengine. Zile siku za mwisho, ambapo sanduku halifunguliwi hata kidogo, weka sikio ubavuni mwake: kifaranga huanza kulia akiwa bado ndani ya yai, na kwa hilo masikio yanatosha.

Lakini neno litangulie. Mwite Careen kwanza, aketi, kwa sababu lawama ilisemwa akiwepo na lazima ifutwe akiwepo. Usimtume mchungaji. Usiandike barua nyingine. Wala usianze na habari za moyo wako ili akuhurumie kabla hajasikia. Sema hivi: “Mama Agape, mkono wako hauna kosa. Maji niliamuru mimi, na macho yangu hayaoni tangu masika.” Kisha funga mdomo. Atanyamaza, au atalia, au atakwambia maneno ambayo hujawahi kuyasikia katika ndoa yenu, na yote hayo ni haki yake. Usijitetee. Akimaliza, umwombe mkono ule ule uliousingizia, uushike mbele ya jirani yenu, na utie tochi ndani yake.